Sura ya Sita: Kibali cha Kukaa Nyumba Moja na Chatu

Kila inapozunguka kwenye simu video ya Mmarekani aliyejilaza kwenye kochi na chatu amemzunguka shingoni, swali huwa ni lile lile: "Hivi huko kwao hakuna serikali?" Mwingine atauliza: akitoka usiku akaingia kwa jirani je?

Serikali ipo. Sheria zipo pia, na mahali pengine zinampa ofisa wa wanyamapori haki ya kuja kwako kutikisa kufuli la kizimba. Kinachowashangaza wengi ni kile ambacho ofisa huyo anakitafuta. Hamtazami sana nyoka. Anatazama mlango, tundu, karatasi, na mpango wa siku ambayo mwenye nyoka atashindwa.

Katika sura hii tutakaa zaidi Florida, jimbo la kusini mashariki mwa Marekani, kwa sababu ndiko somo hili lilikofundishwa kwa gharama kubwa kuliko kwingine.

Nusu mita dukani, mita nne nyumbani

Tuanze na mnyama mwenyewe. Chatu hana sumu. Hukamata windo kwa meno, akajiviringisha kulizunguka na kulibana. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba windo hufa kwa kukosa pumzi, lakini mara nyingi damu ndiyo husimama kwanza: mbano huwa mkali kiasi kwamba moyo hauwezi tena kuisukuma.

Anayehusika zaidi Florida ni chatu wa Burma, mwenyeji wa Asia ya Kusini Mashariki. Akitoka kwenye yai ana urefu wa kama nusu mita, anakula vipanya, na anakaa kwenye tangi la kioo la kuwekea samaki. Ni mpole na ana rangi nzuri, na bei yake haikuwa ya kumtisha kijana mwenye kazi ya muda. Kati ya mwaka 1996 na 2006 takriban chatu wa Burma 99,000 waliingizwa Marekani kwa biashara ya wanyama wa kufugwa.

Tatizo ni kwamba chatu huyo hasimami pale. Akilishwa vizuri, ndani ya miaka mitatu anaweza kupita mita tatu, na jike huendelea. Tangi halimtoshi tena, anahitaji chumba. Vipanya havimshibishi, anataka sungura. Na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Kijana aliyemnunua akiwa shule ya sekondari ataoa, atapanga nyumba mpya, atazaa, na chatu bado yupo. Mwenye nyumba hataki nyoka. Mke hataki nyoka. Bustani za wanyama zimejaa, zinasema asante. Basi usiku mmoja mtu anapakia mzigo kwenye gari, anaendesha hadi kwenye kinamasi, anafungua mfuko.

Kinamasi chenyewe ni Everglades: maili kwa maili za maji ya kina kifupi, nyasi na joto, mazingira ambayo chatu wa Burma angeyachagua mwenyewe kama angeulizwa. Wa kwanza alionekana huko mwaka 1979. Agosti 1992 kimbunga Andrew kilibomoa nyumba na mabanda kusini mwa jimbo hilo, likiwemo jengo la kuzalishia reptilia, yaani wanyama wa jamii ya nyoka, mijusi na kobe. Watu hupenda kukitupia kimbunga lawama yote, maana kimbunga hakina wakili. Lakini chatu walikuwa wakitupwa huko kabla ya Andrew na wakaendelea kutupwa baada yake. Kufikia mwaka 2000 wataalamu walikubali kwamba wanazaliana porini.

Waliokula hasara kwanza ni wanyama wadogo. Utafiti uliotolewa mwaka 2012, uliotegemea hesabu za wanyama wanaoonekana barabarani usiku, ulikuta rakuni wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99 katika maeneo ambayo chatu wamekaa muda mrefu. Rakuni ni mnyama mdogo anayefukua majalala ya Wamarekani. Hapo zamani ilikuwa vigumu kulala usiku mmoja katika maeneo hayo bila kumsikia akigonga pipa.

Sheria iliyokuja nyuma ya nyoka

Kutoka chatu wa kwanza wa 1979 hadi kibali cha kwanza ilipita miaka 29. Mimi husoma tarehe hizo mbili kama maelezo yote ya kwa nini sheria imekuwa kali: ilichelewa, na iliyochelewa hupiga kwa nguvu.

Tarehe 1 Januari 2008 ndipo Florida ilipoanza kudai kibali kwa kundi lililoitwa reptilia wa kuangaliwa. Wanaosimamia ni Tume ya Samaki na Wanyamapori ya Florida, ambayo watu huko huitaja kwa herufi zake, FWC. Kwenye orodha walikuwemo chatu wa Burma, chatu-wavu wa Asia (ndiye mrefu kuliko nyoka wote duniani), chatu amethisti, anakonda wa kijani, na ndugu zetu wawili kutoka Afrika: chatu wa Afrika, na kenge wa Nile, huyu huyu anayeiba mayai ya kuku vijijini kwetu.

Masharti hayakuwa magumu kuyaelewa. Mwombaji awe na miaka 18 au zaidi. Alipe dola 100 kila mwaka. Ajibu maswali yanayoonyesha kwamba anamjua mnyama anayemwomba. Aandike mpango wa maafa. Na nyoka aliyefikia unene wa inchi mbili, yaani kama sentimita tano, atiwe chipu. Chipu hiyo ni ndogo mfano wa punje ya mchele. Daktari wa mifugo huichoma chini ya ngozi, na ina namba isiyofanana na nyingine. Haina betri wala haitangazi nyoka alipo. Hulala kimya mpaka mashine ya kuisomea ipitishwe juu yake.

Hapo ndipo penye akili ya sheria yote. Chipu haimzuii chatu kutoroka. Inafanya kazi baada ya kutoroka: akikamatwa kinamasini, namba inasema ni wa nani. Aliyefungua mfuko usiku hawezi tena kusema hamjui.

Kanuni za 2008 zilidumu miaka miwili na nusu tu. Tarehe 1 Julai 2010 bunge la jimbo lilifunga mlango: hakuna mtu mpya atakayeruhusiwa kumchukua chatu mkubwa kwa ajili ya kufuga nyumbani tu. Waliokuwa na vibali waliachiwa wanyama wao hadi watakapokufa, bila kuruhusiwa kuongeza wengine. Wafanyabiashara, watafiti na wenye maonyesho wakabaki na njia yao ya leseni. Kisha Februari 2021 FWC ikapiga kura ya kuwahamishia nyoka hao kwenye orodha ya spishi zilizopigwa marufuku. (Spishi ni aina moja ya mnyama inayozaliana yenyewe kwa yenyewe.) Kanuni zilianza kazi tarehe 29 Aprili mwaka huo, na kuwazalisha kwa ajili ya kuuza kama wanyama wa nyumbani kukafikia mwisho.

Serikali kuu ya Washington nayo iliingia, ikitumia sheria kongwe ya mwaka 1900 iitwayo Lacey. Mwaka 2012 ilitangaza nyoka wanne kuwa wanyama waharibifu, mwaka 2015 ikaongeza wanne. Hao hawaingizwi tena nchini. Iliwahi pia kukataza kuwasafirisha kutoka jimbo hadi jimbo, lakini wafugaji wakaenda mahakamani, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikasema sheria ile, kama ilivyoandikwa, haifiki huko. Ndiyo maana hadi leo chatu mmoja anaweza kuwa halali upande huu wa mpaka wa majimbo na kuwa kosa la jinai upande wa pili.

Mkaguzi anatafuta nini?

Anayechukua kibali amekubali pia kukaguliwa. Ofisa wa FWC si karani. Ni askari wa wanyamapori, na halazimiki kupiga simu wiki moja kabla. Akifika, haya ndiyo atakayotaka kuyaona:

- Kizimba kisichopitika, chenye kufuli. Kitasa cha kubana au jiwe juu ya mfuniko havihesabiki.
- Chipu na namba yake, ilingane na iliyoandikwa kwenye kibali.
- Daftari: nyoka alitoka wapi, lini, wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa, walikwenda kwa nani.
- Mpango wa maafa ulioandikwa.
- Chombo cha kusafirishia: nyoka ndani ya mfuko wa kitambaa, mfuko ndani ya sanduku lenye kufuli.

Mtu anayesoma orodha hii huku kwetu huuliza mbona hakuna swali la kama nyoka ni mkali. Kwa sababu jibu halisaidii. Chatu mpole akiwa na njaa, au akinusa harufu ya sungura kwenye mikono yako, hana habari na sifa uliyompa.

Mpango wa maafa ndio unaowachekesha wageni, na mimi naona ndio wenye maana kuliko vyote. Florida ni nchi ya vimbunga. Redio ikisema watu wahame, familia ina saa chache: watoto, nyaraka, mafuta ya gari. Na chatu wa kilo 60? Nani atamshika upande wa pili? Atapelekwa wapi, maana hoteli haimpokei na kambi ya wahanga haimtaki? Fomu inamlazimisha mfugaji ajibu maswali hayo siku ya jua, akiwa ametulia, kwa maandishi. Wengi, nadhani, huanza kuelewa walichonunua pale wanapofika kwenye mstari wa nani atakusaidia kumbeba na kugundua kwamba hawana jina la kuandika.

Kuhusu tundu, mfano mzito unatoka Kanada, si Florida. Agosti 2013, katika mji mdogo wa Campbellton, jimbo la New Brunswick, ndugu wawili wa miaka minne na sita walilala kwa rafiki yao, kwenye nyumba iliyokuwa juu ya duka la wanyama. Katika nyumba hiyo hiyo alikuwemo chatu wa Afrika mwenye urefu wa zaidi ya mita nne, ndani ya chumba chake cha kioo. Kwenye dari ya chumba hicho kulikuwa na tundu la bomba la hewa. Chatu alipanda, akapita kwenye bomba, bomba likashindwa uzito wake, akaangukia chumba walimolala watoto. Asubuhi wote wawili walikutwa wamekufa.

Jimbo hilo halikuwahi kutoa kibali kwa ajili ya nyoka yule. Mwenye nyumba alishtakiwa kwa uzembe, na mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru. Kesi ilichambua mambo mengi, lakini kwa msomaji wa sura hii linatosha moja: mtu aliyeishi na nyoka miaka mingi aliamini kwamba nyoka wake hawezi kupita kwenye tundu lile. Mgeni mwenye karatasi na tochi, asiyempenda wala kumchukia nyoka, angeanza na dari.

*Kwa ufupi: kibali ni ruhusa yenye masharti kwa mtu na mnyama wanaojulikana. Ukaguzi ni kuhakikisha masharti yapo chumbani na si kwenye karatasi peke yake. Vyote viwili vimetungwa kwa ajili ya siku ya kutoroka.*

Waingereza wamekwenda njia nyingine

Uingereza ina sheria ya wanyamapori hatari ya mwaka 1976. Ukitaka kufuga swila au kifutu, unaomba leseni kwa halmashauri, daktari wa mifugo anakuja kukagua kwa gharama yako, na lazima uwe na bima. Chatu? Hayumo kwenye orodha. Unaweza kuwa na chatu wa mita tano chumbani bila kumwambia ofisa yeyote.

Wana hoja yao: huko baridi ya kwanza tu inamuua chatu aliyetoroka, hivyo hawezi kuanzisha ukoo porini. Hoja hiyo inalinda rakuni, kama wangekuwepo, hailindi mfugaji. Mwaka 2017 kijana mmoja wa Hampshire, mfugaji mzoefu, alikufa chumbani mwake kwa kubanwa na chatu wa Afrika wa mita 2.4 aliyekuwa amemlea tangu mdogo. Nyoka huyo hakuhitaji kibali, wala baada ya kifo hicho chatu hakuongezwa kwenye orodha.

Yule ambaye hakuja dirishani

Udhaifu mkubwa wa kibali chochote ni kwamba humfikia anayekuja kukiomba. Julai 2009, mwaka mmoja na nusu baada ya Florida kuanza kudai vibali, mtoto wa miaka miwili katika kaunti ya Sumter aliuawa kitandani mwake na chatu wa Burma wa mita mbili na nusu hivi. Nyoka alikuwa wa watu wa nyumba hiyo hiyo. Hawakuwa na kibali. Tangi lilikuwa limefunikwa kwa mfarishi wa kitandani, na mahakama ilielezwa kwamba nyoka alikuwa hajalishwa kwa mwezi mzima. Mwaka 2011 mama wa mtoto na mwenzake walihukumiwa miaka 12 jela kila mmoja.

Sharti la kizimba chenye kufuli, la kwanza kwenye orodha ya mkaguzi, lingeweza kumwokoa mtoto yule, lakini hakuna sharti hata moja lililofika mlangoni, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba nyoka yupo. Dola 100 kwa mwaka ni nyingi kwa mtu ambaye hana hata za kununulia nyoka wake chakula.

Ndiyo maana, katika yote Florida iliyofanya, lililonivutia zaidi ni lile lisilotumia faini. Tangu 2006 FWC ina mpango wa msamaha: mwenye mnyama wa kigeni aliyemshinda anamleta, au anapiga simu, na haulizwi alimpataje wala kwa nini hana kibali. Mnyama anapelekwa kwa mlezi aliyekwisha kukaguliwa na kukubaliwa. Mtu aliyekuwa njiani kwenda kinamasini ana pengine pa kwenda. Ubaya ni kwamba kadiri marufuku inavyokaza, ndivyo walezi wanaoruhusiwa kupokea chatu wanavyopungua.

Na ukaguzi nao una makosa yake. Aprili 2023, katika mji wa Sunrise, maofisa walifika kwenye jengo la kufugia reptilia na kuua zaidi ya chatu 30 ambao, kwa kanuni za 2021, hawakuwa tena na pa kwenda. Sheria ni msumeno, husema watu. Siku hiyo msumeno ulipita hata pasipo na mstari. Kati ya waliouawa alikuwemo nyoka mmoja wa aina ya boa, jike mwenye mimba, mali ya mtu mwingine, wa aina isiyokatazwa kabisa. Tume ilikiri kosa. Wafugaji wa Florida bado wanamtaja boa huyo kila wanapoulizwa kwa nini mwenzao fulani hakujiandikisha, na ni vigumu kuwaambia kwamba hawana sababu.

Na huku kwetu?

Msomaji wa Mwanza au Malindi aliyefika hapa huenda anawaza: chatu tunao porini, je, nikimwokota mtoto wake shambani naweza kumlea?

Tofauti ipo kwenye mzizi. Florida, chatu aliyenunuliwa dukani alikuwa mali ya mnunuzi, na serikali ndiyo iliyolazimika kutoa sababu za kuingilia. Tanzania ni kinyume. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, wakiwa chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Wewe ndiye unayetakiwa kueleza kwa nini mali ya umma iko kwenye pipa lako. Ukikosa kibali, kosa linaitwa kukutwa na nyara za serikali, na neno nyara hapo halimaanishi pembe na ngozi pekee. Mnyama aliye hai naye yumo. Kesi hizo zinaweza kufunguliwa kama uhujumu uchumi, na anayejua mahakama zetu anajua dhamana ya kesi hizo si ya kwenda kuomba asubuhi na kurudi mchana.

Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2013, na anayetaka kufuga nyoka hupitia kwa Shirika la Wanyamapori, KWS. Njia halali zipo: bustani ya nyoka ya Nairobi ipo tangu 1961, na Bio-Ken ya Watamu, iliyoanzishwa 1980, hutunza nyoka na kukusanya sumu yao kwa ajili ya dawa. Upande wa Tanzania, njiani kutoka Arusha kwenda Makuyuni, kuna Meserani. Hizo zote ni taasisi. Chatu wa chumbani wa kupigia picha hana mlango wake kwenye sheria hizi.

Wasukuma watasema wao walicheza na chatu kabla ya karatasi yoyote. Ni kweli. Wakati wa sherehe za ngoma za Bulabo, huko Bujora karibu na Mwanza, mcheza ngoma huingia uwanjani na chatu mabegani mbele ya maelfu, na ujuzi wa kumshika, kumlisha na kumtuliza hurithishwa ndani ya vikundi, mkubwa akimfunza mdogo miaka mingi kabla hajamwachia nyoka. Sheria haijapata maneno mazuri ya kuuelezea ujuzi huo.

Limebaki la msafiri. Chatu wote wamo kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, CITES, na wengi wao wako kwenye kiambatisho cha pili: kuwauza kunaruhusiwa, ila hawavuki mpaka bila kibali cha nchi wanayotoka. Ndugu aliyeko ughaibuni anayetaka kurudi nyumbani na chatu wake anahitaji karatasi hiyo, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo, na ruhusa ya kumwingiza kutoka mamlaka ya wanyamapori ya huku, vyote mkononi kabla ya kukata tiketi. Kibali alichopewa Florida hakisomwi mpakani Namanga.